Uzi Unakushinda Macho au Vidole?

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 44 na watoto watatu. Kazi hii niliianza kwenye kibaraza cha mtu, sasa nina fremu yangu ndogo na mashine mbili. Tatizo langu ni shingo. Ilianza Januari, msimu wa sare za shule, nilipokuwa nakaa kwenye mashine toka saa moja asubuhi mpaka saa tano usiku. Nikasema ni uchovu, msimu ukiisha nayo itaisha. Sasa tunaingia Oktoba. Asubuhi naamka shingo imekakamaa kama ubao, mtu akiniita nageuka mwili mzima. Mchana inalegea, jioni inarudi, na maumivu yanashuka bega la kulia. Siku nyingine yanafika mkononi, kidole gumba na cha shahada vinakufa ganzi.

Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo linawaka moto. Nilipiga picha nikaambiwa pingili zimesagika, nikapewa dawa nyingine na kuambiwa nipunguze kazi. Nipunguze kazi na ada ya shule nani atalipa? Fundi mwenzangu anasema shangazi yake alianza hivihivi akaishia kupooza. Mama mkwe anataka anipeleke kwa mzee anayenyoosha shingo, anasema akiipindua inalia “ka!” na mtu anainuka mzima. Jirani ananiambia nimetupiwa kitu na watu wa biashara. Kazi naendelea nayo, ila siku hizi kutia uzi kwenye sindano namwita binti yangu.

Mama, nitapooza? Niache cherehani? Au nijichange niende Dar es Salaam nikapige ile picha kubwa ya MRI?

Fundi wa Shingo Ngumu, Morogoro


Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, pole na shingo. Kwa miezi tisa mtu hubeba mimba akajifungua. Wewe umebeba maumivu na hujui utayatua wapi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilishikwa na neno kupooza, kama wewe ulivyoshikwa. Mara ya pili nilikuwa nahesabu vidonge. Mara ya tatu ndipo nikaiona ile sentensi uliyoipitisha haraka, kwamba siku hizi uzi anatia binti yako. Nimefanya kazi ya fiziotherapia zaidi ya miaka thelathini, na kama ningeruhusiwa kukuuliza swali moja tu, nisingeuliza maumivu ni makali kiasi gani. Ningeuliza hivi: uzi unakushinda kwa sababu tundu la sindano hulioni, au unaliona vizuri ila vidole havikutii?

Jipime kabla hujaendelea kusoma. Toka nje kwenye mwanga wa mchana na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo tundu lake hata bibi yako angeliona. Tia uzi. Kisha vaa shati ufunge vifungo bila kutazama, kwa mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Kisha tembea hatua kumi ukigusisha kisigino cha mguu wa mbele na vidole vya mguu wa nyuma, kama mtoto anayefuata mstari wa chaki, na binti yako awe pembeni akudake ukiyumba. Ganzi uliyonayo kwenye vidole viwili inaweza kukusumbua kidogo upande wa kulia, na hiyo nitaisemea. Ninalotafuta mimi ni jingine: mikono yote miwili kuwa mizito, sarafu kukuponyoka, mwandiko kuharibika, miguu kuwa kama ya kuazima.

Kama shazia imeingia uzi bila shida, vifungo vimefungika na hatua kumi umezimaliza, basi nina sababu nzuri ya kudhani kwamba ugonjwa wako mkubwa uko machoni, na shingo inalipa deni la mwenzake.

Usicheke. Ukikaribia miaka 40 na kitu, lenzi ya jicho inaanza kukakamaa na kitu cha karibu kinakuwa na ukungu. Msomaji wa gazeti yeye hulisukuma mbali mpaka mkono uishe. Fundi hana nafasi hiyo, maana kitambaa kiko palepale chini ya mguu wa mashine. Ili auone mshono, kichwa kinashuka kukifuata, inchi moja mwaka huu, inchi nyingine mwakani, naye hajui kwamba ameinama. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo tano. Chukua birika lililojaa maji ulishike karibu na kifua. Unaweza kupiga soga nalo. Sasa nyoosha mkono mbele ulishike hapo. Birika ni lilelile, ila kabla hujamaliza kusimulia habari ya jirani bega litakuwa linatetemeka. Misuli ya nyuma ya shingo yako imeshika birika hilo kwa mkono ulionyooka toka saa moja asubuhi mpaka saa tano usiku.

Kwa hiyo kabla ya MRI, kapime macho. Hospitali ya mkoa ina kitengo cha macho, na miwani ya kusomea haina bei ya kutisha. Lakini usiinunue ya kubahatisha barabarani kabla ya kupimwa, kwa sababu huko ndiko watu wanakogundulika na presha ya macho au kisukari wasichokijua. Na fanya jambo moja ambalo wateja wengi hawalifanyi: kaa kwenye mashine ukiwa umenyooka, mtu apime kwa futi yako ya ushonaji umbali kutoka jichoni mpaka kwenye sindano, uandike. Mpe mpimaji namba hiyo. Asipoambiwa atakupimia umbali wa kitabu, na fundi hashoni kitabu. Ukipewa ile miwani yenye sehemu mbili katika kioo kimoja, angalia isije ikakulazimisha kuinua kidevu ili uone kwa chini. Utakuwa umehamisha maumivu kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Sasa tuje kwenye njia ya pili, ile ambayo natumaini si yako. Ndani ya pingili za shingo mna mfereji, na ndani ya mfereji mna uti, ile kamba nene inayopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Mfereji ukibanwa, na diski au na mfupa uliokua mahali pasipotakiwa, shingo yenyewe inaweza isiume sana, na hapo ndipo watu wanapokosea. Mtu anakuja akilalamikia mikono: anashindwa vifungo, chai inamwagika. Au anasema miguu imekuwa mizito na anaogopa ngazi. Wengine wakiinamisha kichwa wanahisi kitu kama shoti ya umeme kikiteremka mgongoni. Mkojo nao unaweza kugoma au kutoka bila ruhusa. Ukijiona katika maelezo haya, acha mazoezi, acha kuchuliwa, na wiki hii hii nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uwaambie maneno hayohayo: “Mikono imepoteza ustadi, naangusha vitu.” Usiwaambie tu shingo inauma, utapewa vidonge kama mwanzo. Na kama miguu inaishiwa nguvu kwa kasi, mkojo au haja kubwa vimebadilika, au sehemu ya siri imekufa ganzi, usisubiri wiki, ni leo. Hapo ndipo MRI ina kazi, na hapo ndipo safari ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, au KCMC, au Bugando kwa walio Kanda ya Ziwa, inalipa nauli yake. Upasuaji wa shida hii kwanza kabisa unazuia isiendelee. Kilichokwisha kupotea hakirudi chote, ndiyo maana nasisitiza kuwahi.

Kuhusu yule shangazi wa mwenzako, siwezi kujua aliumwa nini, lakini katika nchi zetu kuna ugonjwa mmoja ambao nautilia shaka kila nikisikia hadithi ya “ilianza shingo, ikaishia kupooza”. Ni kifua kikuu. Jina lenyewe limetudanganya. Watu wanadhani kisipokuwa kifuani si chenyewe. Kinaweza kukaa ndani ya pingili za uti wa mgongo, mara nyingi zaidi mgongoni lakini shingoni pia, kikazila taratibu kwa miezi bila mtu kukohoa hata mara moja. Dalili zake hazina kelele: homa ndogo za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, nguo kupwaya, maumivu yasiyojali kama umelala au umekaa. Anayeishi na virusi vya UKIMWI, au aliyewahi kukaa nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, ana sababu zaidi ya kulifikiria. Wewe hukuandika kwamba umepungua au unatoka jasho usiku. Kama uliacha kuandika kwa sababu uliona havihusiani na shingo, vinahusiana sana. Matibabu yake ni ya miezi mingi, na katika hospitali za serikali dawa zake hazilipiwi. Anayewahi hupona akitembea kwa miguu yake.

Kuna wengine ambao hawapaswi kumalizia kusoma ukurasa huu kabla ya kutafuta usafiri. Mwenye homa, kichwa kikali, shingo isiyokubali kidevu kushuka kifuani, anayechukia mwanga au anayeanza kuchanganyikiwa: hiyo huenda ni homa ya uti wa mgongo, na kipimo cha malaria kikisema ipo bado kisiwe sababu ya kulala nyumbani. Mwenye maumivu ya shingo au taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi kukata: ni moyo mpaka ithibitike sivyo. Aliyeanguka na bodaboda, au kutoka kwenye mwembe, hata kama aliinuka mwenyewe akasema yuko salama, asivutwe wala asigeuzwe shingo na wasamaria. Alazwe, kichwa kishikwe kisicheze, asubiri kubebwa kwa utaratibu. Aliyeamka na maumivu makali ya shingo ambayo hajawahi kuyapata, mdomo ukaenda upande au maneno yakaburuza, anaweza kuwa na kiharusi. Na aliyewahi kutibiwa saratani, ya matiti, ya tezi dume au nyingine yoyote, akianza kuumwa shingo usiku na mchana, amrudie daktari wake wa saratani. Asije kwangu.

Tumemaliza ya kutisha. Wewe, kwa ulivyoandika, unafanana na kundi kubwa zaidi, na ni kubwa kwelikweli: mwaka 2020 watafiti walikadiria watu milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, wanawake wakiwazidi wanaume. Kama ni watu wa biashara wanaotupa vitu, wana kazi nyingi mno. Dua soma, sikuzuii, ila anayekutajia bei ya kuondoa hicho ulichotupiwa umpe mgongo.

Maumivu yakipita miezi mitatu tunayaita sugu. Neno sugu wengi wanalisikia kama hukumu. Linahesabu muda tu.

Halafu hilo la pingili kusagika. Nalichukia neno hili. Kusagika ni habari ya mahindi. Mtu akiambiwa pingili zake zimesagika anaona unga, anaona kichwa kikidondoka. Una pingili saba shingoni, idadi ileile aliyonayo twiga na shingo yake yote ile, na kati yake mna diski zinazopoteza maji na kupungua kimo kadiri tunavyoishi. Mwaka 2015 madaktari wa Japani walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu 1,211 ambao walikuwa wazima, hawaumwi shingo hata kidogo. Karibu asilimia 88 walikuwa na diski zilizochomoza. Hata vijana wa miaka ishirini na kitu wengi wao walikuwa nazo. Unaijua ile Singer nyeusi ya zamani, rangi ya dhahabu imefutika, meza imechubuka kona zote, na bado inapiga mshono ulionyooka kuliko mashine mpya? Picha yako ilipiga rangi iliyofutika. Haikupiga mshono.

Kwa sababu hiyohiyo, kama umefaulu jaribio la shazia, usijichange kwenda kupiga MRI. Itaonyesha kitu, karibu lazima ionyeshe kitu. Kitu hicho kitapewa jina, na nimewaona watu wanaoishi chini ya jina hilo miaka kumi, hawachoti maji, hawabebi mjukuu, wakati shingo zao hazina tofauti na za wale Wajapani.

Ganzi ya gumba na kidole cha shahada inahitaji utulivu kidogo. Mishipa ya fahamu inatoka shingoni kwa jozi, na mmoja wao huenda hasa kwenye gumba na kidole hicho. Ukibanwa au ukivimba pale unapotokea, unalalamika huku chini. Ukiona maumivu yanapungua unapoweka kiganja juu ya kichwa, au yanaongezeka ukiinamia upande wa kulia na kutazama juu, inaelekea chanzo ni shingo. Lakini fundi ana shingo na ana mkasi. Kama ganzi inakuamsha saa nane usiku, inashika na kidole cha kati, nawe unakung'uta mkono ndipo inaachia, basi mshipa unabanwa kwenye kifundo cha mkono, na dawa yake ni tofauti kabisa, mwanzoni ni kufunga kibao chepesi cha kuunyoosha mkono wakati wa kulala. Wapo wenye yote mawili. Mwonyeshe mtaalamu vidole vyenyewe, kimoja kimoja. Usiseme “mkono” tu. Ganzi ya shingoni kwa watu wengi hupungua yenyewe ndani ya miezi kadhaa. Yako imechelewa, na hiyo inatosha kukupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia mwezi huu, hata bila dalili nyingine. Ukianza kushindwa kuinua birika, yaani nguvu inapotea na si hisia tu, usingoje mwezi.

Mzee wa “ka!” mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba hutakwenda. Mlio ule ni mapovu ya hewa ndani ya majimaji ya kiungo, sawa na kuvunja vidole. Hakuna mfupa unaorudi mahali pake, kwa sababu hakuna uliotoka. Vinyozi nao wana tabia hiyo, wakimaliza kunyoa wanakamata kidevu na kisogo, wanakupindua kabla hujasema hapana. Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo kupitia matundu ndani ya pingili zenyewe. Shingo ikipinduliwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Hutokea kwa nadra, nakiri, na wengi wananyooshwa wakaenda zao. Mtu mwenye ganzi mkononi hana sababu ya kucheza bahati nasibu hiyo. Akitaka kukusaidia, mama mkwe mwenyewe akukande kwa taulo la maji ya moto dakika kumi na tano, kisha akuchue taratibu kwa mafuta ya nazi. Hayo hayana madhara, na yanajenga uhusiano.

Diklofenaki acha. Tumbo linalowaka moto limeshakuambia. Ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye presha au figo dhaifu asiiguse bila daktari. Panadol ni salama zaidi, tembe mbili za miligramu 500 kwa wakati, zisizidi nane kwa siku nzima, ingawa kwa maumivu ya miezi tisa msaada wake ni mdogo. Na vile vidonge vya rangirangi vinavyofungwa kwenye karatasi bila jina, “mseto wa mifupa”, vikikupa nafuu ya ajabu siku ya kwanza ndipo uviogope zaidi. Mara nyingi ndani yake mna steroidi.

Nikuambie kisa changu. Mwaka ambao mume wangu aliugua, shingo yangu ilinishika, na mimi niliyewafundisha wagonjwa kila siku nikavaa kola, ile shingo ya sponji, miezi minne. Wenzangu kazini walinitazama hawakusema kitu, kwa adabu. Nilipoivua shingo ilikuwa imedhoofika, nilikuwa nashika kichwa kwa mkono nikipiga mswaki. Kola ina siku zake chache za mwanzo. Baada ya hapo inafanya kazi ya misuli, na misuli ikipata mtumishi inaacha kufanya kazi.

Nilichojifunza kingine mwaka ule ni kwamba maumivu yaliyokaa muda mrefu yanafanana na mbwa wa getini aliyewahi kuvamiwa na mwizi. Mwizi alishaondoka, lakini mbwa sasa anabwekea hata paka. Usingizi wa saa nne, deni la ada, mteja anayepiga simu mara sita, vyote hivyo mbwa anavibwekea, na maumivu unayoyasikia ni ya kweli kabisa, huyatungi. Ndiyo maana kuuma hakumaanishi kila mara kuwa kuna kitu kinaharibika, na ndiyo maana kulala ni sehemu ya tiba. Lala chali au ubavu, mto ujaze nafasi kati ya bega na sikio na usizidi hapo. Kulala kifudifudi kunakulazimisha kupindua shingo usiku kucha; hata yule mzee wa “ka!” hachukui muda mrefu hivyo.

Sasa dawa yenyewe. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Ufini uliofuata wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini waliokuwa na maumivu sugu ya shingo. Waligawanywa makundi matatu. Mawili yalipewa mazoezi ya kujenga nguvu na ustahimilivu wa shingo na mabega, la tatu likashauriwa kujinyoosha na mazoezi ya kawaida ya moyo na pumzi. Baada ya miezi 12, makundi mawili ya kwanza yalikuwa yamepata nafuu kubwa kuliko la tatu. Naupenda utafiti huu kwa sababu unakwenda kinyume na ushauri wa “pumzisha shingo”. Misuli inayoshika birika haitaki kuonewa huruma. Inataka kuongezewa nguvu kidogokidogo.

Huna haja ya gimu. Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli uikate iwe kamba ndefu. Ipitishe kwenye nondo ya dirisha, shika ncha zote mbili, vuta viwiko nyuma mpaka mabega yakaribiane mgongoni, rudisha taratibu; mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Kisha kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kukiinua wala kukiinamisha, kama mtu anayetaka kutengeneza kidevu cha pili, hesabu tano, achia, mara kumi. Kisha weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa dhidi ya mkono bila kichwa kusogea, kwa nguvu ndogo, hesabu tano. Fanya hivyo pembeni kulia, kushoto na kisogoni. Videvu fanya kila siku, tyubu mara tatu kwa wiki. Chupa mbili za maji za lita moja zitakuja baadaye, kwa mabega.

Utaumia kidogo mwanzoni. Maumivu yanayotulia kufikia asubuhi ya pili ni ya kazi, endelea. Kipimo kizuri zaidi ni ganzi: ikipanda, ikitoka kidoleni ikabaki kiwikoni, kisha begani, unapona hata kama bega linauma zaidi kuliko jana. Ikishuka au ikikaza, simamisha na umwone mtaalamu. Usihukumu kabla ya wiki nane.

Kwenye mashine, inua kiti mpaka viwiko vifike usawa wa meza, na kama kiti ni kigoda ongeza ubao na mto. Chini ya miguu ya nyuma ya meza jaribu kuweka vipande vya mbao ili meza iinamie kwako kidogo, mradi isiteleze. Hamisha mashine karibu na dirisha, au funga balbu begani kushoto kwako. Lakini usinitafutie mkao mmoja mtakatifu. Mkao wowote ukikaa saa tatu utakuuma. Saa huwezi kuitazama ukiwa kazini, najua, kwa hiyo tumia bobini: kila bobini ikiisha, simama, zungusha mabega, tazama mbali barabarani, ndipo ujaze nyingine. Ndoo ya maji kichwani waachie watoto kwa sasa. Lita ishirini ni kilo ishirini.

Cherehani usiiache. Punguza ile ya usiku, baada ya saa mbili, maana huko ndiko mwanga mbaya, macho yaliyochoka na shingo vinakokutana. Kwa ajili ya Januari ijayo, anza kupokea sare mapema Novemba, na ukifika idadi unayoweza, iandike waziwazi ukutani ufunge daftari. Sisi wateja tumezoea kudanganywa “njoo kesho” na mafundi wote. Fundi atakayetuambia ukweli tutamshangaa, kisha tutamrudia.

Niandikie ukishapima uzi kwa shazia, uniambie ni macho au ni vidole. Na gauni la mtu uliloahidi Ijumaa, mwambie Jumatatu.